Mbegu Ndani ya Soksi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Chiriku alimwagilia bustani iliyokuwa nyuma ya nyumba yao. Alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini ni wachache waliolitumia. Tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza, ndipo bibi yake akampa jina la ndege asiyetuliza mdomo.

"Bibi, kwa nini maboga yanatambaa na bamia zinasimama?"

"Kila mtu na mwendo wake. Mwagilia shinani, si kwenye majani."

"Na boga likijua kuwa litaliwa, litakubali kukua?"

"Mbona wewe unakua, na unajua utaosha vyombo?"

Bustani yenyewe haikuwa kubwa. Palikuwa na tuta la mchicha, tuta la bamia, nyanya chache ambazo mwaka huo zilidumaa bila mtu kujua sababu, na maboga yaliyoparamia ukuta wa bafu. Mbegu za maboga hayo Bibi alizirithi kwa mama yake. Kila msimu alichagua boga lililokomaa vizuri, akalipasua, akaosha mbegu zake na kuzianika kwenye ungo. Zikikauka alizitia katika kopo la majani ya chai na kubana mfuniko. Kila binti wa nyumba hiyo alipoolewa, Bibi alimfungia mbegu katika kitambaa pamoja na udongo kidogo wa bustani.

"Mbegu haiendi ugenini peke yake," alizoea kusema. "Ipewe wa kuisindikiza."

Nyumbani waliishi watatu: Chiriku, Bibi, na Mama aliyekuwa fundi cherehani. Dada mkubwa alikuwa ameolewa katika nchi ya jirani. Aliondoka kwa haraka, basi likipiga honi, na kitambaa chake cha mbegu kikasahaulika mezani. Huko aliko alipata kazi katika kitalu kikubwa cha miche ya mboga, na sasa alikuwa anatarajia mtoto wake wa kwanza.

Jumapili moja alipiga simu. "Bibi, maboga ya huku ni maji matupu," alilalamika. "Natamani boga la nyumbani mpaka naliota!"

Wote walicheka. Bibi alicheka kidogo tu, kisha akalitazama kopo lake.

Kesho yake, Chiriku alipotoka shule, walikwenda posta kuuliza. Karani alikuwa mwanamume mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alipoona Bibi hasikii vizuri kupitia kioo, alitoka nyuma ya kaunta, akaja kusimama karibu naye.

"Bibi, mbegu si kama nguo," alimweleza taratibu. "Kwanza mjukuu wako aombe kibali huko aliko, kwamba wanakubali mbegu za aina hiyo ziingie nchini kwao. Halafu wewe uzipeleke kwa mkaguzi wa mimea, ofisi yake iko nyuma ya soko. Akiridhika atakupa cheti kuwa mbegu zako hazina maradhi. Kibali na cheti vinasafiri pamoja na mbegu, na juu ya kifurushi tunaandika wazi kilichomo."

"Itachukua muda?"

"Wiki kadhaa, Bibi. Huenda zaidi."

"Na msimu wa kupanda huko unakaribia kwisha," alidakia Chiriku.

Bibi alimshukuru karani. "Basi tutume nguo za mtoto. Mbegu zitasubiri. Zimezoea."

Njiani Chiriku alikuwa amefura. "Mbegu za boga zikaguliwe! Kwani zina homa?"

"Mwenye nyumba ndiye anayejua kwa nini anafunga mlango," alijibu Bibi, akaendelea kutembea.

Jioni hiyo Chiriku alimweleza rafiki yake wa jirani mpango aliokuwa nao. Rafiki huyo aliitwa Msumari kwa sababu ya wembamba wake, na pia kwa sababu maneno yake yalichoma.

"Nitazitia ndani ya soksi za mtoto," alinong'ona Chiriku. "Nani atapekua soksi za mtoto mchanga?"

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema Msumari.

"Kwani nimesema nitadanganya? Sitasema kitu."

"Wewe? Usiseme kitu?" Msumari alishika mbavu kwa kicheko. "Basi hapo ndipo watakapokushtukia!"

Chiriku hakucheka. Alimwonea dada yake huruma, na alijiona kuwa yeye pekee ndiye mwenye ujasiri wa kumsaidia. Bibi alipolala mchana wa Jumamosi, alifungua kopo akachota mbegu. Akakumbuka kwamba mbegu haiendi ugenini peke yake. Akaenda bustanini, akachota udongo kwenye tuta la nyanya kwa sababu ulikuwa laini, akaufunga pamoja na mbegu katika kipande cha kitambaa kutoka kwenye mabaki ya Mama. Soksi za mtoto zilikuwa tayari kitandani kwa Mama, pamoja na sweta na kofia. Vyote Bibi alivifuma mwenyewe, jioni baada ya jioni, macho yakimtoka machozi kwa kukazana. Chiriku akasukuma kifurushi kile kidogo ndani ya soksi moja, akaikunja na mwenzake.

Siku ya kutuma, karani yule yule alimtolea Bibi kiti chake mwenyewe ili asisimame. Chiriku ndiye aliyejaza karatasi, maana Bibi alijua kuandika jina lake na machache mengine. Mahali palipouliza kilichomo aliandika: nguo za mtoto.

"Bibi, hakuna chakula humu, wala dawa, wala mmea, wala mbegu?" aliuliza karani.

"Hakuna, mwanangu. Ulinieleza nikasikia. Mbegu nimeziacha nyumbani kwenye kopo lake."

"Ahsante sana, Bibi. Laiti wote wangesikia kama wewe."

Bibi akatabasamu, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja. Chiriku alikuwa akitazama sakafu. Hapo alikuwa na nafasi ya kusema, kwa kuwa kifurushi kilikuwa bado mezani. Lakini karani alikipiga mhuri, akakiweka nyuma yake, na nafasi ikapita.

Siku kadhaa baadaye, simu ilikuja wakiwa wanakula chakula cha jioni. Mama aliipokea, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Dada alikuwa analia.

"Bibi, mmenifanyia nini?"

"Kuna nini, mama? Mtoto yuko salama?"

"Kifurushi chenu kimefunguliwa mpakani. Wamekuta mbegu na udongo ndani ya soksi. Wameniita wakanihoji kama mhalifu. Walipojua nafanya kazi kwenye kitalu wakamweleza bosi wangu, naye amenikataza kukanyaga pale hadi ijulikane kama niliagiza mimi. Anasema udongo ule ungefika kwenye miche yake, ungeweza kuharibu kitalu kizima na mashamba ya watu wanaonunua kwetu. Nikifukuzwa sasa hivi, na tumbo hili, nani ataniajiri?"

Mama alimgeukia Bibi. Bibi alikuwa ameshika tonge mkononi, hajui alipeleke wapi.

"Lakini mbegu niliziacha kwenye kopo," alisema.

"Bibi, zilikuwa ndani ya soksi ulizofuma wewe! Pamoja na udongo! Nani mwingine anayefunga mbegu na udongo?"

Chiriku alifungua mdomo. Ulimi wake, ambao haukuwahi kukosa neno, ulikuwa mkavu kama kipande cha ubao.

"Ni kweli," Bibi alisema mwishowe. "Ni mimi ninayefunga hivyo. Nisamehe, mjukuu wangu. Labda nilizitia nikasahau."

Tangu jioni hiyo nyumba ilibadilika. Mama hakumgombeza Bibi. Alimwambia tu kwa upole, "Mama, si kosa lako. Umri ni umri." Upole huo ndio uliouma zaidi. Bibi alipotaka kupika, Mama alisema angepika mwenyewe. Kiberiti kilihamishwa kikawekwa juu ya kabati. Jirani mmoja alileta uji, akazungumza na Bibi kwa sauti kubwa na maneno mafupi mafupi, kama anavyozungumza mtu na mtoto mdogo. Alikuwa na nia njema. Bibi alimshukuru, akaunywa uji wote.

Mara kwa mara Chiriku alimkuta amesimama mbele ya kopo la mbegu, akilifungua na kulifunga, midomo ikicheza. Alikuwa akijaribu kukumbuka jambo ambalo halikutokea.

Shuleni Msumari alimvuta pembeni. "Umeanza kukonda, karibu utaninyang'anya jina. Sema."

"Mama ataniua."

"Mama yako hajaua hata panya. Bibi yako je? Anakufa kidogo kidogo na wewe unatazama."

Chiriku alimsukuma, akaenda zake. Moyoni alijiambia kuwa mambo yatapoa yenyewe. Huenda bosi wa Dada angesamehe. Huenda watu wangesahau.

Lakini siku hiyo aliporudi nyumbani alimkuta Bibi sebuleni, mbele ya cherehani ya Mama, kopo likiwa mapajani mwake.

"Chukua wewe," Bibi alikuwa akimwambia Mama. "Litunze wewe. Mimi siku hizi siaminiki, nisije nikapanda chumvi." Alijaribu kucheka. Mama alilipokea kopo, akainama juu ya kitambaa alichokuwa akishona, na mashine haikutembea.

Bibi alikwenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Chiriku alimfuata, akakaa chini miguuni pake.

"Bibi, hukusahau."

"Nini, mama?"

"Hukusahau kitu. Mbegu nilizitia mimi. Na udongo nilichota mimi, ulipokuwa umelala. Nilitaka Dada apande kabla msimu haujapita. Uliposema posta kwamba hakuna mbegu, nilikuwa najua zimo, nikanyamaza. Na siku ya simu nikanyamaza tena."

Aliyasema yote kwa pumzi moja, akangoja kofi au kelele. Bibi aliinama, akamtazama usoni.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "akili yangu ni nzima?"

"Nzima, Bibi."

"Sikutia?"

"Hukutia."

Bibi alifunika uso kwa kanga. Mabega yake yalitikisika, na Chiriku hakujua kama analia au anacheka. Alipofunua uso, mashavu yalikuwa yamelowa. Alinyoosha mkono, akaushika mkono wa Chiriku, akaubana kwa nguvu kuliko kawaida.

"Umenitesa, mtoto wewe," alisema. "Nilidhani naanza kuondoka na bado mwili umebaki." Kisha akainuka. "Haya. Simama. Hadithi hii mama yako aisikie kinywani mwako, si kinywani mwangu."

Mama alisikia. Hasira yake ilikuwa kali, na si vizuri kuirudia hapa. Ilipotulia aliinuka, akamrudishia Bibi kopo lake kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele yake. "Mama, nilikuchukulia kama mtoto," alisema. "Nisamehe."

"Ulifikiri unanilinda," alijibu Bibi, akamwinua.

Asubuhi yake wote watatu walikwenda nyuma ya soko. Mkaguzi wa mimea alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa koti jeupe lenye madoa ya udongo mifukoni. Taarifa kutoka upande wa pili wa mpaka ilikuwa imekwisha kumfikia, na jina lililoandikwa kama mtumaji lilikuwa la Bibi. Alipowaona alisogeza mafaili kwenye benchi ili Bibi apate pa kukaa, akampa Chiriku maji ya kunywa kabla ya kumuuliza lolote.

Chiriku alieleza. Sauti ilimkauka mara mbili, na kila mara mkaguzi alingoja bila kumharakisha.

"Dada yako alikuagiza?"

"Hapana. Alisema tu anaota maboga. Hakujua kitu."

"Bibi yako je?"

"Hakujua. Alisema hakuna mbegu kwa sababu aliamini hakuna."

"Na udongo uliutoa wapi hasa?"

"Kwenye tuta la nyanya."

Mkaguzi aliacha kuandika. "Hizo nyanya zikoje?"

"Zimedumaa," alisema Bibi. "Majani yanageuka njano, tunamwagilia na bado yananyauka."

Mkaguzi akavua miwani. "Naomba nizione."

Mchana huo alikuja nyumbani. Alichuchumaa kwenye tuta la nyanya, akang'oa mche mmoja kwa uangalifu, akakung'uta udongo. Mizizi yake ilikuwa imejaa vifundo, kama uzi uliotungwa shanga mbovu.

"Hii ndiyo sababu," alisema. "Ni minyoo midogo sana, haionekani kwa macho. Inaishi ndani ya udongo na kuishambulia mizizi. Kijiko kimoja cha udongo kinatosha kusafirisha ukoo mzima. Ndiyo maana kutuma udongo nje ya nchi kumekatazwa, hata chembe zilizoshika kwenye mbegu. Na mbegu zenyewe zinaweza kubeba ukungu au wadudu, ndiyo maana tunazikagua kwanza."

Chiriku aliitazama ile mizizi. Alikumbuka alivyouliza njiani kama mbegu zina homa, akaona aibu.

Bibi naye alikuwa ameishika mizizi ile mkononi. "Kumbe kila binti nilimsindikiza na maradhi?"

"Usijitwishe hilo, Bibi," mkaguzi alimwambia. "Huenda udongo wa zamani ulikuwa mzima. Maradhi haya yanaonekana ni mapya hapa. Ulitoa kwa upendo. Sasa umejua, utatoa bila udongo."

Alichukua udongo kidogo wa kupima. Kisha aliyaandika maneno yote ya Chiriku, akamsomea, na Chiriku akaandika jina lake chini. Mkaguzi aliahidi kuyapeleka kwa wenzake wa upande wa pili siku ile ile. "Lakini siwaahidi matokeo," alisema. "Kazi ya dada yako iko mikononi mwa bosi wake."

Wakaanza kungoja. Simu ilipolia wote watatu waliruka, na mara zote ilikuwa wateja wa Mama wakiulizia nguo zao. Chiriku alilala vibaya. Alijiuliza itakuwaje mtoto akizaliwa na mama yake hana kazi, na aje kuambiwa siku moja kwamba mama yake mdogo ndiye aliyesababisha.

Hatimaye Dada alipiga. Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini hakuwa analia.

"Nimerudi kazini. Nimepewa onyo, na kwa sasa nafanya kazi nje ya kitalu, nafunga maboksi tu. Lakini nimerudi."

Mama alikaa chini ghafla kama aliyekatwa kamba. Bibi alisema ahsante kwa Mungu, akasema tena.

"Na nguo za mtoto?" aliuliza Mama.

Dada alisita. "Wamechoma kila kitu. Sweta, kofia, vyote. Vilikuwa vimegusana na udongo." Kisha akasema, "Nipeni huyo Chiriku."

Chiriku alishika simu kwa mikono miwili. "Dada, nisamehe."

"Ungekuwa karibu, sikio lako ningelinyoosha likawa refu kama la sungura."

"Ndiyo, Dada."

"Bosi alitumiwa maneno yako akayasoma mbele yangu. Alisema hajawahi kuona mtu anajishtaki vizuri hivyo bila wakili. Ndipo akaniamini. Kwa hiyo uliniingiza shimoni, na wewe ndiye uliyenitoa. Usirudie."

"Sitarudia."

"Na nitaomba kibali. Wakikubali, Bibi atatuma mbegu kwa njia ya halali. Wakikataa, nitakula haya maboga ya maji na kunyamaza."

Jumamosi iliyofuata Bibi na Chiriku walikuwa kwenye tuta la nyanya. Mkaguzi alikuwa ameagiza mimea yote ing'olewe na kuchomwa, na tuta lisipandwe nyanya wala bamia kwa muda mrefu. Bibi aliegemea mpini wa jembe, akavuta pumzi.

"Bibi," alisema Chiriku, "kama yule karani asingeuliza, nisingekuwa na la kunyamazia pale. Ningekuwa sijadanganya."

"Sikiliza, mama. Karani alipouliza kilichomo, hakuuliza kwa ajili yake. Aliuliza kwa niaba ya wakulima ambao hawakuwepo pale kujiulizia wenyewe. Uliponyamaza, uliwadanganya wote, na hata sura zao huzijui. Sheria usiyoijua maana yake, iulizie maana. Mdomo Mungu amekujalia."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Lakini hilo la posta lilikuwa kosa la mtoto anayempenda dada yake," aliendelea Bibi. "Kubwa zaidi ni lile la baadaye. Kosa likishatoka mkononi, likiri mapema. Kila siku uliyokaa kimya, kuna mtu alikuwa analipa, na mtu huyo hukuwa wewe."

"Nisamehe, Bibi."

"Nilikusamehe palepale mlangoni." Bibi alimkabidhi jembe. "Lakini msamaha hauchimbi. Anza upande ule, na usiache mzizi hata mmoja."